Siku ya kwanza mbele ya muganga wa akili: leteni habari

Hotuba hii ilitolewa Goma mbele ya wazazi, wachungaji, walimu na wakuu wa avenyu. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wamama, wababa, wazee wetu, papa pasta na mama pasta, walimu, na ninyi vijana wa moto, yaani pikipiki, mlioegesha nje mkaingia kusikiliza: karibuni sana, na asanteni kwa kuja.

Leo tunazungumza juu ya siku moja tu, siku mtu anapofikishwa kwa mara ya kwanza mbele ya muganga wa akili, yaani daktari wa magonjwa ya akili, ili apimwe. Siku hiyo inaogopwa katika mji wetu. Mmoja anaogopa kuonekana akiingia kwenye lango. Mwingine anaogopa kuchomwa sindano kabla hajafungua kinywa. Mwingine anajiambia kwamba jina lake likishaandikwa kwenye fishi, karatasi ya hospitali, hataolewa tena, wala hatapata kazi. Na kwa ajili ya woga huo watu wanafika wamechelewa. Wanafika baada ya chumba cha maombi, baada ya mupfumu, yaani mganga wa kienyeji, baada ya dawa za kutapisha karuho, ile sumu watu wanayodhani wametegewa, mbuzi ameuzwa, ada ya shule imeliwa, na mgonjwa amebaki mifupa.

Nina jambo moja la kuwaambia, na nitalirudia mpaka mlishike. Katika ugonjwa wa akili, kipimo kikubwa ni habari. Hakuna damu inayochotwa ikaonyesha sauti anazosikia mtoto wako. Hakuna picha ya kichwa inayoonyesha huzuni. Kinachoonyesha ni maneno yake mwenyewe, na maneno yenu ninyi mnaoishi naye. Mkileta habari nzuri, kipimo kinakuwa kizuri. Mkileta habari mbovu, hata muganga mwenye elimu kubwa atapapasa gizani.

Mifano nitakayotoa tumeitunga kutokana na mambo yanayotokea mara nyingi. Msimtafute jirani yenu ndani yake.

Jambo la kwanza ni nyumbani, kabla ya kutoka. Kuna kijana wa miaka 22, anaishi Ndosho. Ameletwa na mjomba wake kwa sababu mjomba ndiye mwenye moto. Usiku alikuwa anapiga kelele, jirani akaenda famasi akanunua Valium, dawa ya kutuliza na kulaza, wakamnywesha vidonge vitatu. Sasa amekaa kwenye kiti, kichwa kimeanguka, mate yanamtoka. Muganga anamuuliza jina, hajibu. Anamgeukia mjomba: «Papa, ilianza lini?» Mjomba anajibu: «Dokta, mimi nimefika juzi kutoka Walikale. Najua tu kwamba anasumbua.» Niwaulize: hapo kumepimwa nini? Imepimwa Valium. Kijana mwenyewe hajapimwa bado, na pesa ya safari imekwisha.

Sasa mtazameni mwingine wa umri huohuo. Amekuja na dada yake anayelala chumba cha pili, na dada ana karatasi ya daftari. Imeandikwa hivi: «Mara ya mwisho alipokuwa mzima kabisa ni Pasaka. Baada ya hapo akaacha kwenda chuo. Mwezi wa tano usingizi ukapungua, analala masaa mawili tu. Mwezi wa sita akaziba dirisha kwa magazeti, akasema watu wa redio wanamtaja. Wiki hii hali chakula kilichopikwa na mama.» Mwandiko ni mbaya, Kiswahili kimechanganyika na Kifaransa, lakini karatasi ile imefanya nusu ya kazi.

Basi andikeni. Kwanza, tarehe ya mwisho mlipomwona mzima. Msiseme «toka zamani», kwa sababu zamani haina hesabu. Tumieni Pasaka, Noeli, mwanzo wa shule, harusi ya fulani. Pili, usingizi: masaa mangapi, na je, akiamka amechoka au ana nguvu za kuzidi? Kulala kidogo na kuchoka ni jambo moja. Kulala kidogo na kuimba mpaka asubuhi, kugawa vitu vya nyumba na kutangaza miradi kumi ni jambo lingine, na dawa yake ni nyingine. Tatu, maneno yake kama alivyoyasema. Ukisema «anaongea ujinga», hujatuambia kitu. Anayesema mama ametia sumu kwenye sombe, anayesema amechaguliwa kutawala dunia, na anayesema yeye ni takataka na watoto wataishi vizuri akifa, hao ni watu watatu tofauti kabisa.

Nne, vitu anavyotumia: kanyanga na kasiksi, zile pombe za kienyeji, bangi, tramadoli, ile dawa ya maumivu. Kiasi gani kwa siku? Mara ya mwisho lini? Semeni hata kama mnaona aibu, maana muganga si polisi. Tano, dawa zote zilizoko nyumbani: za kifua kikuu, za presha, za virusi, za uzazi wa mpango, za majani. Msizitaje kwa rangi, «kile kidonge cheupe». Tieni maboksi na plaketi kwenye mfuko mje nazo, pamoja na fishi za zamani kutoka kila hospitali. Sita, ukoo: nani aliwahi kuugua hivi, nani alikuwa na kifafa, nani alijiua, nani aliangamizwa na pombe? Na je, mgonjwa aliwahi kuanguka akapoteza fahamu, au kugonga kichwa kwenye ajali ya pikipiki?

Kisha chagueni mtu wa kumsindikiza. Aje yule anayelala nyumba moja naye, hata kama ni msichana wa miaka 18 na si mkubwa wa familia. Watu wawili wanatosha. Mkija kumi, kila mmoja na maoni yake, mgonjwa anafunga mdomo.

Papa pasta, naomba tusikilizane hapa, kwa sababu watu wanakuja kwenu kabla ya kuja kwetu. Endeleeni kuwaombea, hakuna anayewakataza. Lakini mgonjwa asifunge chakula, asikatazwe maji, asinyang'anywe dawa zake, na asifungwe kamba. Kamba ikibana mkono kwa muda mrefu inaumiza mishipa ya fahamu, na kiganja kinaweza kulegea kwa miezi. Dawa za kutapisha na kuharisha zinatoa maji na chumvi mwilini, na mtu ambaye amekwisha kukaa siku kadhaa bila kula anaweza kuzimia njiani. Ninyi wa familia, kama mlipita kwa mupfumu, semeni alipewa nini na lini. Ni habari, na habari ni kipimo.

Na msimdanganye. Mkimwambia «tunaenda kumsalimia shangazi» kisha akajikuta kwenye lango la hospitali, atakayemwona muganga ni mtu aliyesalitiwa. Mwambieni: «Tunakwenda kwa muganga, kwa sababu hulali, na sisi tunaogopa.» Wengi wanakubali usingizi utibiwe kabla hawajakubali kwamba wanaumwa. Pitieni hapo. Na kama amekwisha kuwa na dawa za akili, asiziache ili «aonekane kama alivyo». Kuziacha ghafla kunaweza kumrudisha chini vibaya, na baadhi zikikatwa ghafla zinaleta degedege.

Atakayempima ni nani? Hapa Goma mnakijua kituo cha Tulizo Letu. Bukavu wana Sosame, Lubumbashi wana kituo chenye jina la Joseph Guislain, muganga wa Ubelgiji wa karne ya 19, na vyote vitatu vinatoka mikononi mwa Mafrere wa Charité, watawa wa kiume wa Kanisa Katoliki. Lakini katika nchi yetu waganga waliobobea katika akili ni wachache mno. Mara nyingi atakayewapokea kwanza ni infirmye (muuguzi), muganga wa kawaida au mwanasaikolojia. Msikate tamaa. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango uitwao mhGAP, kusudi lake likiwa kuwafundisha wahudumu wa kawaida kupima na kutibu magonjwa haya. Ulizeni tu: «Nani hapa amefundishwa mambo ya akili?»

Haya, mmefika. Jambo la pili ni mwili. Watu wanashangaa: «Tumeleta mgonjwa wa akili, mbona mnampima joto?» Sikilizeni.

Kuna mzee wa miaka 71, anaishi Katindo, mwalimu mstaafu. Jumanne jioni alisoma Biblia na wajukuu. Alhamisi usiku anaona watoto wadogo wanapanda ukutani, hamtambui mke wake, anatukana matusi ambayo hajawahi kuyatamka. Asubuhi anatulia, mchana anasinzia, usiku inaanza upya. Familia imegawanyika: hawa wanasema ni uchawi, wale wanasema ni uzee. Kwenye chumba cha kupimia, infirmye anakuta joto 38,4. Anagusa tumbo chini ya kitovu, limejaa, gumu. «Muzee amekojoa lini?» Wanatazamana. Hakuna anayejua. Mkojo umeziba na maambukizo yameingia. Wanaweka mpira wa mkojo, wanaanza antibiotiki, na siku chache baadaye mzee anamuuliza mke wake kwa nini analia.

Shikeni alama hii: badiliko linalokuja kwa masaa au kwa siku chache, linalopanda na kushuka ndani ya siku moja, mtu hawezi kufuata maneno unayomwambia, tena anaona vitu kuliko kusikia sauti. Hapo tafuteni kwanza ugonjwa wa mwili. Malaria kali inafanya hivyo. Homa ya uti wa mgongo inafanya hivyo, nayo mara nyingi inakakamaza shingo. Taifodi inaweza. Virusi vya Ukimwi vikifika ubongoni vinaweza, na kaswende ya muda mrefu pia. Kifafa kinaweza, hata kile kisichoangusha mtu chini. Hata dawa zinaweza: prednisoloni kwa kipimo kikubwa, isoniazidi ya kifua kikuu, meflokini ya malaria. Kwa anayetibiwa kisukari, sukari ikishuka chini ya 70 (miligramu kwa desilita) imekwisha kuwa ndogo, na chini ya 54 ni hatari. Anaweza kupigana na watu kama mlevi, na tone moja la damu ya kidole linatosha kuonyesha. Homa pamoja na kuchanganyikiwa haingoji randevu: mtu apelekwe hospitali kubwa usiku uleule.

Nisimame kidogo kwenye pombe, kwa sababu hapa watu wanakufa bure. Mtu anayekunywa kanyanga kila siku kwa miaka, familia inaamua kumsaidia. Wanamfungia ndani, au wanampeleka mahali pa maombi, pombe imekatwa kabisa. Ndani ya masaa 6 mpaka 24 mikono inatetemeka, jasho linamtoka. Ndani ya siku mbili anaweza kupigwa na degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuona wadudu wanamtambaa, moyo unaenda mbio, homa inapanda. Wanasema pepo linapambana kabla ya kutoka. Ndugu zangu, huo ni mwili uliozoea pombe kunyang'anywa pombe ghafla, na unaua. Unatibiwa hospitalini, kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku kwa siku, na kwa vitamini B1. Kumkatia mlevi pombe ghafla bila mhudumu wa afya, acheni. Nawaomba, acheni.

Kwa hiyo siku ya kwanza tegemeeni uzito, joto, presha na mapigo ya moyo. Kufuatana na hali, damu kwa malaria, sukari, hemoglobini, kaswende, na virusi kama mgonjwa amekubali. Pengine figo na tezi ya shingo. Mwanamke mwenye umri wa kuzaa anaweza kupimwa mimba. Asikasirike, ni kwa sababu baadhi ya dawa, hasa valproati ya kifafa, zinaharibu mtoto tumboni. Mkitumwa kupiga mawimbi ya ubongo, jueni kwamba kipimo hicho kinasaidia kwa kifafa, na hata kikitoka kizuri hakijasema kwamba kifafa hakipo. Vipimo hivi vyote vinatafuta magonjwa mengine yanayojificha nyuma ya akili. Mtu akiwauzia kipimo cha damu «kinachoonyesha skizofrenia», ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, msitoe hata franka moja.

Jambo la tatu ndilo lenyewe: mazungumzo. Yanachukua dakika 45 mpaka saa moja na nusu, na mahali penye watu wengi yanagawanywa kwa siku mbili. Mara nyingi mnaingia wote kwanza, kisha familia inaombwa kutoka, kisha mnarudi. Na hapo familia zinakasirika. «Mimi ni mume wake, kuna siri gani?» Basi msikilizeni mama huyu.

Ana miaka 34, anauza kwenye soko la Virunga. Amekuja na mume wake. Anasema anasikia moto kichwani, moyo unaruka, mgongo unauma, na amekwisha kunywa dawa ya malaria mara nne bila nafuu. Mume akiwa pale, kila swali linapata jibu moja: «Ni kichwa tu.» Mume anatoka, mlango unafungwa. Muganga anauliza: «Mama, unalala namna gani?» Masaa matatu. «Kuna kitu kinachokufurahisha?» Hakuna, hata mtoto mdogo akicheka. «Ukisikia mlio mkubwa?» Anaruka, anatafuta pa kujificha, picha zinarudi. Kisha anaulizwa lile swali: «Mama, kuna wakati unawaza afadhali ufe?» Ananyamaza. Halafu anasema ndiyo, na kwamba dawa ya panya anayo, ameificha chini ya meza yake sokoni.

Niambieni, mume angebaki ndani, dawa ile ingejulikana?

Swali la kufa mtaulizwa. Kila mtu anaulizwa, kijana kwa mzee, mlokole kwa asiyesali. Wazazi wananong'ona: «Usimuulize hivyo, utamtia wazo kichwani.» Hapana. Kuuliza hakupandi wazo. Mwenye wazo anapata mahali pa kulitua, na asiye nalo anasema sina. Mkisikia ndiyo, maswali yanafuatana: tangu lini, kila siku au mara mojamoja, amefikiria njia gani, kitu hicho anacho, amejiwekea siku, aliwahi kujaribu? Majibu hayo ndiyo yanayoamua. Mwenye mawazo bila mpango mara nyingi anarudi nyumbani akiwa na mtu wa kumwangalia na siku ya karibu ya kurudi. Mwenye mpango na kitu mkononi habaki peke yake hata kidogo, na pengine analazwa. Nyumbani ondoeni dawa za panya na za mashamba. Vidonge vyote vishikwe na mtu mwingine, vitolewe kimoja kimoja. Hata amitriptilini, dawa ya huzuni iliyoandikwa na muganga, ikinywewa nyingi kwa mara moja, inaweza kusimamisha moyo.

Je, anayosema mgonjwa yanabaki ndani? Yanabaki, isipokuwa maisha yake yako hatarini, au anataka kumdhuru mtu, au mtoto anaumizwa. Mna haki ya kuuliza mwanzoni: «Hii itamfikia nani?» Na kama ni hakimu aliyeagiza upimaji, jambo ni tofauti kabisa, kwa maana ripoti inakwenda kwa hakimu. Ulizeni kabla ya kusema.

Wengi katika chumba hiki mmebeba mambo. Vita, kukimbia, kuzika watu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, na ardhi iliyotikisika siku zilizofuata. Wenye umri mnakumbuka pia Januari 2002. Muganga atauliza kama kuna tukio linalorudi. Hulazimiki kulieleza lote siku ya kwanza. Inatosha kusema: «Liko, lakini leo sitalisema.» Hilo nalo linaandikwa, na muganga mzuri hatakusukuma. Ila nisikilizeni vizuri hapa: kama ni kubakwa na ni juzi juzi, semeni siku hiyohiyo, au nendeni moja kwa moja hospitali, kwa sababu dawa za kuzuia virusi zinafanya kazi zikianza ndani ya masaa 72.

Na lugha. Mtu anaumwa katika lugha ya mama yake. Kama mzee anasema Kinande, Kihunde, Mashi au Kinyarwanda, ombeni mtu mzima wa kutafsiri. Asitafsiri mtoto wake. Ni mama gani atamwambia binti yake wa miaka 12, «mwambie dokta nataka kufa»?

Kwa watoto wadogo, mazungumzo yanakuwa mchezo na kuchora. Leteni daftari na bileti za shule, yaani ripoti za alama zake, na mkiweza maneno machache kutoka kwa mwalimu.

Kuna pia vipimo vya akili vyenyewe, nitapita haraka. Mtaulizwa leo ni siku gani, tuko wapi. Mtapewa maneno matatu, kwa mfano mti, kikombe, barabara, na baada ya dakika chache mtaombwa kuyarudia. Mtataja siku za juma kwa kurudi nyuma, au mtatoa saba kwenye mia moja, kisha saba tena: 93, 86, 79. Mtachora saa. Mtaulizwa maana ya methali. Aliyesoma na asiyesoma hawapimwi sawa, kwa hiyo semeni mliishia darasa gani, na kama macho hayaoni vizuri leteni miwani. Hakuna anayefaulu wala kuanguka. Wakati huohuo muganga anaangalia nguo, macho, mikono, mwendo wa maneno, kama wazo linafuatana na wazo. Pengine mtajaza karatasi ya maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita, kila swali likiwa na alama kutoka 0 mpaka 3. Jumla ikifika 10 ni sababu ya kuchunguza zaidi. Alama peke yake si jina la ugonjwa.

Jambo la mwisho ni kile mtakachotoka nacho. Siku ya kwanza pengine hamtapewa jina la ugonjwa, au mtapewa la muda. Si kwamba muganga hajui kazi. Magonjwa mengine yanatambulikana kwa muda: huzuni kubwa inahesabiwa kuanzia wiki mbili, skizofrenia haitajwi kabla dalili hazijadumu mwezi mmoja angalau. Kijana aliyechanganyikiwa kwa siku tano anaweza kupona kabisa asirudie tena. Afadhali jina lichelewe kuliko kumbandika mtoto jina lisilo lake. Na jina likitajwa, liandikwe. Hata fundi wa moto anakuandikia pisi iliyoharibika.

Sasa dawa, na hapa ndipo tunapopoteza wagonjwa wengi. Kijana wa miaka 19 amepewa haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti na hofu za kudhaniwa. Usiku wa pili shingo inapinda upande, macho yanapanda juu yamebaki meupe, ulimi unatoka, taya limekaza. Nyumba nzima inapiga kelele. Mmoja anasema pepo limejionyesha, mwingine anasema wamempa sumu, vidonge vinatupwa chooni. Ni nini kile? Ni misuli iliyokazwa na dawa. Inajulikana sana, inawapata hasa vijana wa kiume, siku za kwanza. Inatisha kuitazama, na inatibika: sindano ya biperideni mara nyingi inalegeza ndani ya nusu saa, na vidonge vya triheksifenidili, ambavyo wengi mnaviita Artane, vinazuia isirudi. Mpelekeni kituoni usiku uleule, na boksi la dawa mkononi. Kama anashindwa kupumua, au ana homa kali na mwili wote umekakamaa, msingoje dakika moja. Muganga abadilishe dawa au apunguze kipimo. Familia iliyoambiwa haya mapema haitupi vidonge chooni. Kwa hiyo msipoambiwa, ulizeni ninyi.

Jueni pia muda. Dawa za huzuni zinachukua wiki mbili mpaka nne kuanza kuonyesha kitu, na wiki ya kwanza mtu anaweza kusikia kichefuchefu bila faida yoyote. Akipona anaendelea miezi 9 mpaka 12. Dawa za sauti na hofu za kudhaniwa zinatuliza mapema, lakini sauti zenyewe zinaweza kuchukua wiki kadhaa, na baada ya kupona mara ya kwanza zinaendelea mwaka mmoja angalau, hata kama mtu anasema «mimi mzima». Ndugu zangu wa moto: siku za kwanza za dawa inayoleta usingizi, funguo zibaki nyumbani.

Kabla ya kuinuka kwenye kiti, ulizeni haya, na yaandikwe kwenye fishi. Mnafikiri ni nini? Dawa inaitwaje, vidonge vingapi, saa ngapi, asubuhi au usiku? Madhara gani tuyaone kawaida, na yapi yatufanye tukimbie kuja? Bei ni ngapi kwa mwezi, na kama hatuwezi, kuna nyingine ya bei ndogo? Swali hilo la bei ulizeni bila aibu, kwa maana dawa nzuri inayonunuliwa wiki moja tu haijamsaidia mtu. Mwisho, tunarudi lini? Mara nyingi ni baada ya wiki moja au mbili. Na mkirudi, mje tena na karatasi: usingizi, chakula, maneno aliyosema, vidonge vilivyomezwa na vilivyosahauliwa. Siku hiyo ya pili muganga analinganisha, na hana kitu kingine cha kulinganisha isipokuwa kile mlichoandika.

Nimemaliza, sasa ni zamu ya maswali. Wenye maswali ya wazi nyoosheni mkono. Wenye mambo ya nyumbani wasiyotaka yasikiwe na wengine, tunabaki hapa mpaka saa kumi, tutazungumza mmoja mmoja.